FAHAMU: Soya, panya na kansa ya utumbo mpana (kinga siyo tiba)



Kuna ujumbe unazunguka sana kwenye simu. Unasema wanasayansi wa Marekani wamegundua kitu ndani ya soya kinachoua kansa ya utumbo, lakini makampuni ya dawa yanaficha. Mwisho wa ujumbe, kama kawaida, kuna namba ya mtu anayeuza unga. Wadau watatu wamenitumia wakiuliza kama ni kweli, nikaona badala ya kumjibu mmoja mmoja niiweke yote hapa ili hata atakayekuja mwakani aikute.

Jibu fupi kwa mwenye dakika chache za kafe: kitu chenyewe kipo, panya walijaribiwa kweli, na matokeo yalikuwa mazuri. Hakuna aliyeyaficha, yamechapishwa tangu mwaka 1985. Ila kilichoonekana kwa panya ni KINGA, siyo TIBA, na kwa binadamu hakijathibitishwa kuzuia wala kuponya kansa ya utumbo mpana. Mwenye muda twende taratibu. Mimi nimemaliza kidato cha nne tu, siyo daktari, kwa hiyo nitaeleza kwa lugha yetu ya kawaida.

KIMENG'ENYA NI NINI?

Ukila maharage, protini iliyomo haiingii kwenye damu ikiwa nzima. Inakatwa vipande vidogo vidogo kwanza. Wakataji ndio wanaitwa vimeng'enya. Wawili wanaokata protini ndani ya utumbo mwembamba ni tripsini na kaimotripsini, na wote wanatoka kwenye kongosho. Wachukulie kama mikasi.

Sasa mmea nao una akili yake. Mbegu ya soya haitaki kuliwa na wadudu na wanyama hovyo, kwa hiyo inajiwekea protini ndogo zinazoziba meno ya ile mikasi. Protini hizo ndizo vizuizi vya vimeng'enya. Mdudu akila anashindwa kumeng'enya vizuri, anadumaa.

Ndiyo maana mama zetu hawasagi soya mbichi kwa ajili ya uji wa mtoto. Inachemshwa au inakaangwa kwanza. Watafiti Osborne na Mendel wa Marekani walieleza tangu mwaka 1917 kwamba panya waliolishwa soya iliyopikwa walikua vizuri kuliko waliolishwa mbichi. Moto unaharibu sehemu kubwa ya vile vizuizi.

KIZUIZI CHENYEWE KILIVYOPATIKANA

Mwaka 1945 Moses Kunitz alifanikiwa kukitenga kizuizi cha kwanza cha soya kikiwa safi kabisa. Mwaka uliofuata, 1946, Mmarekani Donald Bowman akaonyesha kwamba kuna kingine tofauti. Halafu mwaka 1961 mwanasayansi wa Israeli, mama Yehudith Birk, akakisafisha hicho cha pili na kukieleza vizuri. Kikapewa majina yao wote wawili: kizuizi cha Bowman-Birk, kwa kifupi BBI.

BBI ni kidogo sana. Kina asidi amino 71 tu, lakini kimefungwa na madaraja saba ya salfa, kama mzigo uliokazwa kamba kila upande. Kwa sababu hiyo kinavumilia moto kuliko kile cha Kunitz, na kinavumilia pia asidi ya tumboni. Halafu kina vichwa viwili: kimoja kinamziba tripsini, kingine kinamziba kaimotripsini.

Kumbuka hilo la kuvumilia tumbo. Protini nyingi ukizila zinasagwa kabla hazijafika mbali. BBI sehemu yake inafika utumbo mpana ikiwa bado inafanya kazi. Ndiyo maana watu wa kansa walianza kuiangalia.

KIZUIZI CHA CHAKULA KINAHUSIANA VIPI NA KANSA?

Swali zuri. Vimeng'enya vya kukata protini havipo tumboni tu. Vipo kwenye kila seli ya mwili. Seli ikitaka kugawanyika, ikitaka kuhama, au mwili ukiwa na uvimbe wa uchungu, kuna mikasi inafanya kazi. Na kansa ni seli zinazogawanyika bila breki na kupenya mahali pasipo pao. Kwa hiyo watu wakawaza: je, tukiiziba baadhi ya mikasi hiyo, tunaweza kuichelewesha kansa kabla haijaanza?

Mwaka 1978 Ann Kennedy na John Little walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba vizuizi vya aina hii vilizuia seli zilizopigwa mionzi kugeuka kuwa za kikansa. Hiyo ilikuwa ndani ya sahani za maabara, siyo ndani ya mnyama. Mwaka 1980 timu ya Walter Troll wa New York ikaonyesha kwamba panya waliopigwa mionzi walipata uvimbe wa matiti kwa uchache wakilishwa chakula chenye soya. Hapo ndipo mlango ulipofunguka.

PANYA WALIVYOJARIBIWA

Niseme mapema: hawa ni panya wadogo weupe wa maabara, uzito wa gramu 20 hadi 30. Wa Dar wasije wakafikiria vipanya vya kubeba abiria, hahaha.

Panya wa kawaida hapati kansa ya utumbo mpana kirahisi, na mtafiti hawezi kukaa anasubiri. Kwa hiyo hutumia kemikali inaitwa dimethilihidrazini. Panya anachomwa sindano mara kwa mara kwa wiki kadhaa. Kemikali inabadilishwa mwilini kuwa sumu inayoharibu vinasaba vya seli za utumbo, na baada ya miezi vivimbe vinatokea. Ni kazi ya kusikitisha ukiifikiria, lakini ndivyo inavyofanyika.

Panya hugawanywa makundi. Kundi moja linapata kemikali pamoja na chakula cha kawaida. Lingine linapata kemikali pamoja na chakula kilichochanganywa na unga maalumu wa soya wenye BBI nyingi. Lingine halipewi kemikali kabisa, ili ijulikane hali ya kawaida ikoje. Wanapimwa uzito, maana panya akikonda kwa njaa tu, vivimbe vinaweza kupungua bila dawa yoyote, ukadanganyika. Mwisho wanauawa, utumbo unapasuliwa, vivimbe vinahesabiwa, na sampuli zinaangaliwa kwa darubini.

Mwaka 1985 Kennedy na wenzake walichapisha matokeo kwenye jarida la Carcinogenesis: unga wa soya wenye BBI uliwakinga panya dhidi ya vivimbe vya utumbo mpana. Mwaka 1990 wakarudia kwa upana zaidi kwenye jarida la Cancer Research, wakaona vivimbe vya utumbo na vya ini pia vikipungua. Miaka ya baadaye wakajaribu na aina ya panya wakubwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2002.

Je, kazi inafanywa kweli na kule kuziba mikasi, au ni kitu kingine ndani ya soya? Timu ya Granada, Hispania, ilishughulikia swali hili mwaka 2010. Walichukua seli za kansa ya utumbo mpana wa binadamu zinazofugwa maabara, wakaziwekea vizuizi vya aina ya BBI. Ukuaji ukapungua kadiri walivyoongeza kiasi. Halafu wakachukua kizuizi kilekile kilichoharibiwa uwezo wake wa kuziba. Hakikufanya kitu. Na seli za kawaida za utumbo hazikudhurika. Kwa hiyo wazo la mikasi lina mashiko.

Mpaka hapa unaweza kusema basi, dawa imepatikana. Subiri kwanza.

ANGALIA SAA, SIYO DAWA TU

Kwenye majaribio yale ya panya, kizuizi kilikuwa kwenye chakula wakati sumu ilipokuwa inafanya kazi yake, kabla uvimbe haujaota. Ni kama kumwagia maji nyasi kabla moto haujafika. Nyumba ikishashika moto, ndoo ileile haitoshi. Hakuna mahali kwenye matokeo yale palipoandikwa kwamba panya mwenye kansa iliyokomaa alipewa soya akapona.

Hiyo ndiyo sentensi ambayo ujumbe wa simu haukuandika. Neno "kuzuia" likageuzwa "kuponya". Herufi chache tu, lakini katikati yake kuna maisha ya mtu.

Mtaani kwetu kuna mzee mmoja alikuwa anatokwa damu chooni. Akauziwa unga na mtu wa kupita, akaambiwa asihangaike na hospitali. Alikunywa miezi minne. Alipofikishwa kwa daktari, uvimbe ulikuwa umeshafika kwenye ini. Sisemi unga ndio uliomuumiza. Soya ni chakula. Kilichomuumiza ni ile miezi minne.

PANYA SIYO BINADAMU

Kuna mambo manne ya kukumbuka hapa.

Kwanza, kansa ya panya inaletwa kwa sindano ndani ya miezi. Ya binadamu kwa kawaida huanza kama kinyama kidogo ukutani mwa utumbo, na huchukua miaka kama 10 hivi mpaka kuwa kansa.

Pili, hata panya wa aina nyingine hawafanani na sisi. Kuna panya maarufu anayeitwa Min, aliyepatikana Chuo Kikuu cha Wisconsin na kutangazwa mwaka 1990. Ana kasoro kwenye kinasaba cha Apc, kilekile ambacho huharibika kwenye kansa nyingi za utumbo mpana za binadamu. Ni mfano mzuri sana, lakini vivimbe vyake vingi hutokea utumbo mwembamba, wakati sisi kansa hutupata zaidi utumbo mpana.

Tatu, kiasi. Panya ana mwili mdogo unaochoma chakula haraka sana. Huwezi kuchukua dozi yake ukazidisha kwa uzito wako tu. Wataalamu wakikadiria, dozi ya panya kwa kila kilo huigawa kwa 12 hivi ili kupata ya binadamu, na hiyo ni ya kuanzia majaribio tu.

Nne, na hii ilinishtua. Panya wale wakubwa walipolishwa unga wa soya MBICHI kwa muda mrefu, kongosho lao lilivimba na wengine wakapata uvimbe wa kongosho. Sababu ni kwamba mikasi ikizibwa, kongosho hulazimishwa kutoa mingine na mingine bila kupumzika. Panya wadogo hawakuonyesha tabia hiyo ya kupata uvimbe. Sasa fikiria: chakula chenye vizuizi hivyohivyo, wanyama wanaofanana kama ndugu, na matokeo tofauti. Je, mtu?

NA BINADAMU WALIJARIBIWA?

Ndiyo. Mwaka 1992 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, iliruhusu unga uliokolezwa BBI uanze kujaribiwa kwa watu. Kennedy wakati huo alikuwa ameshahamia Chuo Kikuu cha Pennsylvania.

Walianza na mdomo, kwa sababu mdomoni unaona kwa macho. Kuna mabaka meupe yanayoota mdomoni, hasa kwa wavuta tumbaku, na baadhi hugeuka kansa. Mwaka 2000 yalitoka matokeo ya wagonjwa 32 waliotumia BBI kwa mwezi mmoja: asilimia 31 walipata nafuu. Watu wakafurahi sana. Lakini pale hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo.

Basi wakafanya jaribio la pili, safari hii kwa kura: nusu dawa yenyewe, nusu dawa tupu isiyo na kitu, kwa miezi 6, mgonjwa hajui kapewa ipi. Matokeo yakatoka mwaka 2013. Waliopata dawa walipata nafuu. Waliopata dawa tupu nao walipata nafuu, kwa kiwango kilekile karibu. Yaani mabaka mengine hupungua yenyewe tu, na bila lile kundi la pili tungeendelea kuishangilia soya hadi leo.

Kwa utumbo wenyewe, mwaka 2008 lilichapishwa jaribio dogo la wagonjwa 28 wenye vidonda sugu vya utumbo mpana, ugonjwa unaoongeza hatari ya kansa. Kulikuwa na dalili za nafuu, na dawa haikuleta madhara ya kutisha. Lakini watu 28 ni wachache mno kusema neno la mwisho, na hao hawakuwa wagonjwa wa kansa.

WAZO LA KUZUIA KIMENG'ENYA SIYO LA KIPUUZI

Nisije nikaonekana napinga kila kitu. Kuna kizuizi kingine cha kimeng'enya ambacho binadamu alijaribiwa kikafaulu: aspirini. Inaziba kimeng'enya kingine kabisa, kinachohusika na maumivu na uvimbe. Kwenye jaribio linaloitwa CAPP2, watu 861 waliorithi tatizo la Lynch, linaloongeza sana hatari ya kansa ya utumbo mpana, waligawanywa kwa kura. Baadhi walipewa aspirini miligramu 600 kila siku. Ripoti ya kwanza, mwaka 2008, haikuonyesha faida. Wakaendelea kuwafuatilia. Mwaka 2011 faida ikaonekana: waliotumia kwa miaka miwili au zaidi walipata kansa kwa uchache.

Umeona kazi ilivyo? Mamia ya watu, kura, dawa tupu, miaka na miaka. Na bado aspirini inaweza kutoboa tumbo na kutoa damu, kwa hiyo USIANZE kuimeza kila siku bila daktari.

SASA SOYA NINYWE AU NISINYWE?

Kunywa, ni chakula kizuri chenye protini nyingi kwa bei ya mlalahoi. Lakini iive. Usinywe unga mbichi kwa kufikiri kwamba moto utaharibu "dawa". Soya mbichi itakusumbua tumbo na kukunyima protini uliyoilipia. Na uji wa soya wa nyumbani siyo ule unga uliokolezwa maabara.

Kinachojulikana kupunguza hatari ya kansa hii ni mambo ya kawaida: kuacha sigara, kupunguza pombe, kutembea na kufanya mazoezi, kutonenepa kupita kiasi, kula nafaka zisizokobolewa na mboga, na kupunguza nyama nyekundu na soseji. Halafu vipimo. Daktari anaweza kupitisha bomba jembamba lenye kamera, akakiona kile kinyama kidogo na kukikata palepale kabla hakijawa kansa. Nchini Marekani tangu mwaka 2021 wanashauri watu waanze kupimwa wakiwa na miaka 45. Kama mzazi au ndugu wa damu aliugua, uliza mapema zaidi.

Hii siyo kansa ya wazungu tu. Kwa hesabu za dunia za mwaka 2022, watu wapya kama milioni 1.9 waligundulika nayo na karibu laki 9 walikufa. Kwa vifo ni ya pili baada ya kansa ya mapafu.

DALILI ZA KUKUPELEKA HOSPITALI

- Damu kwenye choo, nyekundu au choo cheusi kama lami.
- Choo kubadilika kwa wiki kadhaa: kuharisha, kufunga, au kuwa chembamba.
- Kukonda bila sababu.
- Kuishiwa damu na kuchoka hovyo.
- Maumivu ya tumbo yasiyoisha.

Dalili hizi zinaweza kuwa bawasiri, amiba au kichocho, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa, hasa kwa vijana. Lakini hakuna anayeweza kukuambia ni ipi kwa kukuangalia usoni au kwa kukuuzia unga. Anza kituo cha afya au hospitali ya wilaya, wao watakuandikia rufaa ikihitajika. Na usione aibu kusema habari za choo, daktari amezisikia tangu asubuhi.

MASWALI YA KUULIZA UKIONA "DAWA YA KANSA YAPATIKANA"

1. Imejaribiwa kwa nani: seli za sahani, panya, au watu?
2. Ilitolewa kabla ya ugonjwa au baada?
3. Walilinganishwa na nani?
4. Walikuwa wangapi na walifuatiliwa muda gani?
5. Anayenitumia habari hii ananiuzia nini?

Ukiiuliza ile habari ya soya maswali haya, majibu ni: panya, kabla, na panya wenzao wasiopewa. Kwa watu, bado. Utafiti wa BBI unaheshimika, na watafiti hawakudanganya popote. Kilichoongezwa chumvi kiliongezwa njiani, kati ya maabara na simu yako.

Ukipata ule ujumbe tena, mtumie aliyekutumia hii makala. Na kama nyumbani kuna mtu mzima anayeficha damu chooni, ongea naye leo, siyo kesho. Wenye maswali, nyongeza au wanaojua zaidi yangu (hasa wauguzi na wanafunzi wa udaktari mnaopita hapa kimyakimya), maoni ni hapo chini. Matusi nitafuta, hoja nitajibu.

Tupo pamoja.